Bibi Asiyependa Nguo

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nimezaliwa Tanga, na mtu akinichekea sana asubuhi najiuliza kwanza anataka nini. Kwa hiyo ofisi yetu ya kutunza wazee hapa Marekani iliponipa bibi mmoja wa kumtunza Westerville, kaskazini mwa Columbus, na bibi mwenyewe akanifungulia mlango saa nne asubuhi bila hata uzi mwilini, sikupiga kelele. Nilitazama kama kuna kamera.

"Mimi ni mtu wa kukaa uchi," akasema, kama vile mtu anavyosema yeye ni Mkatoliki. "Hawakukwambia?"

Hawakuniambia. Akanieleza huku akichemsha chai. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wakienda kila kiangazi kwenye kambi ya watu wa namna yao, wanapika, wanacheza karata, wanalalamikia mvua, basi. Kila mmoja huketi juu ya taulo lake, ndiyo adabu yao. Na kweli, sikumwona akiketi popote bila taulo. Mimi taulo hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Kichaa hana adabu. Huyu ana akili zake zote, nikasema moyoni, basi ana lake jambo.

Wiki ya pili nikamuuliza, "Kwa nini lakini ujitangaze? Si ukae tu hivyo kwako, ufunge mlango, unyamaze?"

"Nisipojiita mwenyewe, wataniita wao," akajibu. "Wao watasema nimerukwa na akili."

Jibu zuri, ila halikunituliza. Kwetu mama mtu mzima akikuvulia nguo amekulaani, hilo halihitaji mwalimu. Nikampigia simu dada yangu mkubwa, yuko Louisville.

"Mdogo wangu, huyo mwanga," akasema. "Usile chake. Na uandike kwenye ripoti, asije kesho akasema wewe ndiye uliyemvua."

Hilo la mwisho liliniingia. Mimi Mwafrika na hijabu yangu, niko peke yangu ndani na bibi wa Kizungu aliye uchi, nani angenisikiliza? Kila jioni tunajaza ripoti kwenye simu. Nikaandika: mteja anakataa kuvaa nguo. Uongo. Sikuwahi hata kumwomba avae, na siku ya daktari alivaa mwenyewe gauni la maua, akapaka na rangi ya mdomo. Nikaandika hivyo hivyo siku kumi na moja mfululizo.

Ofisi ikaona ni ugonjwa wa kusahau. Binti yake akaja kwa gari kutoka Buffalo, akanivuta jikoni. "Mama anajua anachofanya?"

Nilijua anajua. Niliogopa kupoteza kazi, na ile laana nilikuwa bado naiogopa.

"Sijui," nikasema.

Wiki ile ile wakamhamishia Buffalo, kwenye nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Nikapewa mteja mwingine, mzee wa Hilliard, amevaa mpaka soksi. Nilipaswa kufurahi, lakini roho ilinisuta vibaya sana, na baada ya miezi miwili nikapanda basi la Buffalo.

Nilimkuta amevalishwa ovaroli la kitambaa laini ambalo zipu yake iko mgongoni, ili asiweze kulivua. Alinitambua mara moja, akaniuliza habari za goti langu linalouma. Kisha akanishika mkono.

"Wewe ulikuwa nami kila siku," akasema. "Hukunidhania vibaya hata mara moja. Waambie."

Hakujua ni nani aliyeandika. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamtafuta binti yake kwenye korido, nikamwambia yote, bila kujipendelea: woga wangu, maneno ya dada, ripoti za uongo, ile "sijui" yangu ya jikoni. Nikamwambia mama yake ni mzima wa akili kuliko mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akinipima kuanzia hijabu hadi viatu.

"Wewe, na mavazi yote hayo," akasema, "umesafiri kutoka Columbus kuja kumtetea mtu wa kukaa uchi. Nani amekutuma?"

"Hakuna," nikasema.

Akaenda mapokezi, akawaambia nisiruhusiwe tena kumwona mama yake.