Ndizi mu Ponti ya Nyuma

Siku ya posho, Jumamosi. Mvua inanyesha tangu asubui.

Leo fundi wa Kampemba alifungua ponti ya nyuma, ile sanduku ya meno inayozungusha magurudumu, ya motokari ya kutumika yenye nilinunua juzi, na mafuta ikatoka pamoja na unga ya mbao. "Maman, balikudanganya," akasema. "Banatiaka hii juu meno ya chuma isipige kelele, kisha banauzisha."

Nikamukumbuka baba. Nilikuwa mutoto wakati ponti ya motokari yake ilikuwa inalia barabarani. Baba akamenya ndizi za kuiva, akazisukuma mule ndani, na kelele ikaisha. Ile harufu ya ndizi na mafuta ilinipendeza. Nilifikiri motokari ilikuwa na njaa. Rafiki ya baba, Tonton Kabeya, alipokuja kuinunua, nikamuambia: "Motokari yetu inakulaka ndizi!"

"Basi nitailisha muzuri, mama mudogo!" Akacheka mpaka machozi. Baba hakucheka.

Sijue, pengine kila mutu alifanya vile. Lakini motokari ilimufia Tonton Kabeya mu njia ya Kambove, na hakurudi tena kwetu.

Jioni ya siku ile aliinunua, tulikula naye bukari, ugali yetu, na samaki. Alisali, akamushukuru Mungu juu ya rafiki wa kweli, na baba akaitika amina.