Kuchinja Kunaanzia Sericho

Saa kumi na moja na dakika arobaini, baada ya sala ya alfajiri, imamu alituomba tusitoke. Akatangaza kwamba dereva mmoja wa malori ya mifugo, mzee wa zile familia za askari wa zamani wa jeshi la Waingereza waliobaki Isiolo, amefariki usiku, peke yake nyumbani. Tulimzika kabla ya adhuhuri. Ilikuwa siku ya mnada, na wafanyabiashara aliowabebea ng'ombe miaka yote walikuwa sokoni. Tuliomsalia hatukujaza safu mbili.

Nilisafiri naye mara moja tu, wakati wa ukame, kutoka Sericho, tulikopakia ng'ombe wa kuleta mnada wa Isiolo. Ng'ombe dhaifu akilala ndani ya lori lililojaa, wenzake humkanyaga hadi afe, kwa hiyo wapakiaji wengi humpinda mkia au kumchoma fimbo mpaka ainuke, gari likiendelea na mwendo wake. Yeye alizima injini. Alipanda, akashuka katikati ya ng'ombe, akatia bega chini ya kifua cha aliyeanguka na kumwinua polepole, akimsemesha Kiborana kama mgonjwa. Tulipoondoka hatukufika mbali, akasimama tena. Mwenye ng'ombe, aliyeketi kati yetu, uvumilivu ukamwisha.

"Mzee, hawa wanaenda kuchinjwa, hawaendi harusi."

"Najua."

"Na mnada utaisha tukiwa hapa kwa barabara."

"Dini imekuambia unoe kisu, mnyama asiteseke. Sasa wewe unafikiri kuchinja kunaanza na kisu? Kunaanzia Sericho."

Mwenye ng'ombe akacheka. "Basi tukifika wewe uwe imamu, mimi nitafute dereva."

Akamtafuta kweli, na wengine wakamfuata. Miaka ya mwisho nilizoea kumwona yule mzee baada ya alasiri, ameketi ndani ya lori lililoegeshwa, simu kwenye dashibodi, hakuna anayepiga. Hakuwahi kusema amejuta, wala hakubadilisha namna yake ya kazi ili aitwe tena. Sisi tukitaja mema, mawazo hukimbilia sadaka, kisima, zulia jipya la msikiti. Kazi ya mchana tunaiacha nje pamoja na viatu. Yeye alichokuwa nacho cha kumtolea Mungu ni ile kazi, na shahidi wake alikuwa mnyama asiyeweza kusema.

Kutoka makaburini nilipitia mnadani. Lori lililotoka Garbatulla lilikuwa linangoja zamu ya kushusha, na ndani yake dume mwekundu alikuwa amelala chini ya miguu ya wenzake. Watu walikuwa wanapatana bei. Nikapanda.

"Mzee, shuka, utaumia bure," mtu akaniambia.

Nilitia bega pale nilipomwona yeye akitia. Dume alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na ndipo nilipoelewa kwamba wema wa mtu haurithiwi kwa kuusifu. Uzito wake huujua ukiubeba. Dume aliinuka mara ya tatu. Nikageuka nimtafute wa kumwuliza kama ndivyo inavyofanywa, nikakumbuka kwamba nimetoka kumfukia.