Sheria za Maharamia wa Dzaleka

Juzi mtoto wa dada yangu alirudi kutoka shule, hapa mtaani Area 25, Lilongwe, amevaa kofia ya karatasi iliyochorwa fuvu na mifupa miwili. "Mama mdogo," akaniambia, "maharamia wa baharini walikuwa na raha sana, eh?" Maskini, hana kosa. Lakini moto ulinipanda kifuani, nikamjibu kwa ukali aivue ile kofia akanawe mikono. Yeye bado mdogo, basi ngoja nikuambie wewe kwa nini mwanamke mzima anaweza kukasirikia kofia ya karatasi.

Nilikulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, miaka ile ya elfu mbili na kitu. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, mtu wa Bukavu, Kongo, kama sisi. Huko nyuma aliwahi kusoma kitabu kimoja kinene cha Kifaransa, kisicho na jalada, kilichohusu maharamia, na nadhani alikihifadhi chote kichwani. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Mchana, jua likiwa kali na harufu ya maharage ikitoka kila nyumba, tulikaa chini ya kibaraza chake, watoto sita au saba, tukisikiliza. Alipofika pazuri alikuwa akisimamisha cherehani kwa kiganja, na sisi tukisubiri midomo wazi.

"Batu banafikiri haramia ni mutu wa kuua tu," alikuwa akisema. "Hapana! Haramia alikuwa na sheria kupita serikali." Akatueleza kwamba kabla ya kung'oa nanga waliandika sheria zao, kila mmoja akatia sahihi, na asiyejua kuandika akachora alama. Kapiteni walimchagua kwa kura, na kwa kura wakamtoa. Alikula chakula kilekile cha mpiga deki. Amri yake ilikuwa ya vitani tu. Siku zisizo na vita kulikuwa na msimamizi, mtu wa kugawa chakula na mali, kuamua magomvi, kulinda sheria. Aliyekatwa mguu alilipwa kabla ya wote. Na mali yenyewe haikuwa dhahabu kila siku. Mara nyingi ilikuwa vitambaa, kamba, sukari, na sanduku la dawa walilifurahia kuliko fedha, sababu wengi walikuwa wagonjwa. Wengi walinyongwa kabla hawajafika mbali. Na ndiyo, walikuwamo wanawake, waliovaa suruali na kupigana kuliko wanaume. Hapo mimi na binti yake tulitazamana.

Binti wa fundi alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyuma ya kanisa kulikuwa na lundo la matofali ya udongo ya nyumba isiyokwisha, njo ikawa merikebu yetu. Tulipiga kura, mimi nikawa kapiteni, yeye akawa msimamizi. Sheria tuliziandika kwenye karatasi ya daftari. Karanga, vipande vya muwa, mabaki ya sabuni, vyote viliwekwa katikati naye akagawa sawasawa, hadi karanga moja ya ziada aliipasua kwa meno. Sheria ya kwanza ilisema: hakuna kufichana. Fundi alitufundisha kwamba aliyewaficha wenzake kitu aliachwa peke yake kwenye kisiwa kitupu, na chupa moja ya maji.

Sasa usiyeishi Dzaleka lazima ujue jambo moja. Familia ikipata kesi, yaani ikikubaliwa kwenda kuishi ng'ambo, haisemi. Haisemi kwa jirani, haisemi kanisani. Watu wanaogopa wivu, wanaogopa barua za kuwachongea, wanaogopa hata uchawi. Wanauza vitu kimojakimoja, wanacheka na wewe asubuhi, na kesho yake hawapo. Sisi watoto tulilijua hilo. Lakini nilidhani merikebu yetu ilikuwa nje ya mambo ya wakubwa.

Kati yetu alikuwamo msichana mmoja wa Burundi, mpole, mama yake akiuza mandazi karibu na bomba la maji. Siku moja, tukiwa juu ya matofali, alisema polepole: "Ba kwa fundi beko naenda. Wamepata kesi. Mama yangu alinunua masufuria yao."

Lo! Binti wa fundi aliruka. "Muongo! Mama aliuza masufuria juu yalitoboka!" Kisha akanigeukia mimi, macho yamejaa machozi. "Kapiteni, we unanijua. Mi naweza kukuficha?"

Niliapa mbele ya wote kwamba hawezi. Nilimtetea kama ndugu wa tumbo moja. Na kwa kuwa kumzushia mwenzako ni kosa, tulimhukumu msichana wa mandazi. Msimamizi mwenyewe alishika karatasi ya sheria akaisoma hukumu, sauti haikutetemeka hata kidogo: aachwe kisiwani, asisemeshwe na mtu hadi likizo iishe. Kisiwa kilikuwa kichuguu kule upande wa mashamba. Tulimpeleka kwa mstari, tukampa chupa yake ya maji. Hakulia. Alikaa pale, ameshika chupa kwa mikono miwili, akatutazama tunarudi kucheza.

Siku ya tatu asubuhi nilienda kwa fundi kuchukua sketi yangu ya shule. Mlango ulikuwa na kufuli la mtu mwingine. Mama mmoja jirani alinitolea sketi imekunjwa vizuri. "Balienda, mwanangu. Basi liliwachukua alfajiri kwenda Lilongwe, uwanja wa ndege. Fundi alisema hii ni yako." Nilikung'uta ile sketi nikitafuta karatasi, hata neno moja. Hakukuwa na kitu. Upindo tu ulikuwa umeshushwa ili inifae mwaka mwingine, na nikaivaa mwaka mzima kwa hasira, maana sikuwa na nyingine.

Nyumbani nililia hadi nikatapika. Mama yangu alikuwa akisonga nsima, hakuacha mwiko. "Nyamaza," akasema. "Hata sisi tungepata, tusingesema." Nilimchukia siku hiyo, na nilimchukia fundi zaidi. Alitufundisha sheria zile zote kwa kinywa chake, kumbe amekaa na siri miezi mizima, na mtoto wake amemfundisha kusema uongo akinitazama machoni.

Leo matofali yale hayapo, yalibebwa yakajengewa vibanda. Kanisa limepanuliwa. Watoto niliowaona pale mwaka jana wanachezea simu za wazazi wao. Msichana wa mandazi na mama yake walihamia mji wa Madisi kufanya biashara, muhula uliofuata likizo ile.

Binti wa fundi alinipata kwa simu miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari Lilongwe. "Kapiteni!" akapiga kelele, akicheka. Mi sikucheka. Nilimwaga yote, sketi, kufuli, kiapo nilichoapa kwa ajili yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Papa aliniambia nikifungua mdomo, kesi inakufa, na kosa litakuwa langu. Nilikuwa mtoto."

"Na yule tuliyemwacha kwenye kichuguu?" nikamuuliza. "Yeye alisema kweli, na wewe ukamsomea hukumu!"

"Namuwaza mpaka leo," akasema. "Mi niliondoka siku ya tatu, sikupata nafasi. Lakini weye ulibaki, na ukweli ukaujua. Ulienda kumuomba musamaha?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.