Koki na Hema la Kambini

Shemeji yangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Koki. Si kwa sababu ya kazi peke yake. Ukimsalimia, linadondoka neno moja; ukisubiri sana, la pili. Dada yangu, mjane mwenye mtoto mmoja, alipotuambia anaolewa naye, nilimuuliza kama anataka mume au anataka sinki lake lizibuliwe. Akacheka, akaolewa. Mimi nina mdomo, sikatai, lakini nimetafuta kasoro ya yule mtu mpaka nimechoka.

Asubuhi huondoka na begi lake la spana. Jioni hurudi, hunawa kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, ndipo humshika mtoto kichwa. Mtoto naye humwita Fundi, kama wateja wanavyomwita. Siku moja nilimwambia Koki amfundishe kumwita baba. Akanijibu, "Baba anaye, shemeji. Amekufa tu."

Sasa, mtoto huyu ana miaka tisa na bado anakojoa kitandani. Tunaolijua hilo ni dada yangu, Koki, na mimi kwa umbea wangu. Koki humwamsha usiku na kumpeleka chooni akiwa nusu usingizini. Siku akichelewa, shuka hufuliwa kabla watu hawajaamka, na godoro huanikwa nyuma ya nyumba, upande wasiopita majirani. Haulizwi mtu, hagombezwi mtu.

Kikundi cha wavulana cha kanisa letu kikatangaza kambi kwenye uwanja wa shule. Mtoto akawa haongei jambo jingine. Dada yangu anafua nguo za hospitali, na ruhusa hakupata, kwa hiyo Koki aliacha kazi ya watu nusu akaenda naye. Mimi nilikuwa mpishi. Akina mama tulipewa darasa moja la kulala.

Mlezi wa kikundi ni kinyozi, mtu mpole, lakini kwenye utaratibu hana ndugu. Wavulana hulala na wenzao wa rika moja, na wale wadogo wanaweza kulala na mzazi, kila mzazi na wake. Walezi wana mahema yao, na mtu mzima haingii hema la mtoto asiye wake. Tena kuna jambo ambalo sijaliona kwingine: siku ya kufika, kila mtoto mdogo husimama mbele ya wote amtaje mwenyewe mtu wa hema lake. Mzazi hasemi kitu.

"Mtu mzima anaweza kusema lolote," kinyozi hutuambia. "Mimi nataka kinywa cha mtoto."

Sioni kosa hapo. Ningekuwa na mwana, ningetaka hivyo hivyo.

Wakasimama mmoja mmoja. "Huyu ni baba yangu." "Huyu ni babu, anakoroma." Watu wakacheka. Wetu akasimama, akamtazama Koki, kisha akatazama viatu vyake.

"Huyu ni nani kwako?" kinyozi akamuuliza.

"Fundi."

Wakacheka tena, na mtoto akafunga mdomo. Nilimwelewa. Akisema baba, ataona amemsaliti aliye kaburini. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni mume wa dada yangu! Mama mtu ndiye aliyemtuma, mpigie simu!"

"Nitampigia, mama. Lakini mtoto asipomtambua, simlazimishi. Atalala na wale mapacha, baba yao yuko hema la jirani."

Mtoto akakosa raha kabisa. Mapacha wale wana midomo kunishinda mimi. Ingekuwa habari ya shule nzima.

"Hapana," Koki akasema.

"Kwa nini, fundi?"

"Haitawezekana."

Sababu alikuwa nayo, hata mimi nilikuwa nayo. Tungeitaja, yangekwisha. Lakini alinitupia jicho moja nikauma ulimi, mimi huyu! Baba wa mapacha akasema kwa sauti ya kusikika, "Hataki mtoto alale na wenzake, na hasemi kwa nini. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Watu wakaanza kumtazama shemeji yangu kama mwizi. Damu ilinichemka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa walikuwa wanahukumu kitanda cha watu.

Nikamsogelea Koki, nikamnong'oneza, "Shemeji, mwambie aseme baba. Neno moja tu, yaishe."

"Akilisema kwa ajili ya hema, litakunjwa pamoja na hema," akanijibu. Akainua begi la mtoto. "Turudi nyumbani. Waambie mimi ndiye niliyekataa."

Mtoto akalishika begi, akalivuta.

"Ndiye anayeniamsha," akasema.

"Unasemaje?" kinyozi akainama.

Mtoto akapaza sauti mpaka jikoni wakasikia. "Ninakojoa kitandani! Yeye ananiamsha. Nikikojoa anafua yeye, na hajamwambia mtu. Nataka huyu!"

Hakuna aliyecheka. Mapacha walifungua midomo, baba yao akawatazama, wakaifunga. Mimi nilikuwa nalia bila aibu, kwa hasira na kwa furaha. Kinyozi akatoa simu, akampigia dada yangu, wakazungumza, akairudisha mfukoni. Kisha akamuuliza mtoto tena, maana utaratibu ni utaratibu.

"Basi huyu ni nani kwako?"

"Ni Fundi," mtoto akasema. "Fundi wangu."

"Hema lile la mwisho ni lenu."

Siku Koki alipomzika mama yake sikumwona akitoa chozi. Sasa alitupa kisogo, akachuchumaa, akaanza kukaza kamba za hema lililokuwa karibu, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zake zote, na hema lenyewe halikuwa letu.