Wino Kwenye Kanzu ya Idi

Mwanangu, mjukuu wangu, iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, ingawa miaka imepita mingi. Ilikuwa siku ya kuamkia Idi, nyumbani kwetu hapa Kasongo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa sekondari, mwenye hati nzuri kuliko wote darasani. Nasema hivyo bila haya. Shule ikitaka maneno yaandikwe kwa herufi kubwa, niliitwa mimi. Hata walimu walinipa chaki niwaandikie ubaoni. Sifa zile zilinivimbisha kichwa, nikajiona mtu asiyeweza kukosea.

Baba yangu aliuza chumvi na sabuni sokoni. Hakuwa tajiri, lakini watu walimheshimu kwa ukweli wake, na mwaka ule wazee wa msikiti walimchagua aongoze takbira asubuhi ya Idi. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alikuwa na kanzu moja tu ya siku kubwa, nyeupe, ya pamba, yenye tarizi shingoni, aliyoshonewa na marehemu kaka yake. Juma zima alikuwa akitupitia akijaribu sauti yake polepole, nasi watoto tukicheka chini chini kwa furaha.

Aliyeifua kanzu ile na kuipiga pasi ya makaa alikuwa wifi yangu Riziki, mke wa kaka yangu Amisi. Alikuwa na miezi miwili tu tangu aolewe kwetu, akitoka kwao Wamaza, ambako baba yake alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Msichana mpole, wa maneno machache, na Kiswahili chake kilijaa Kibangubangu, lugha ya kwao. Mimi, nisamehe mwanangu, nilikuwa nikimcheka kwa hilo. Amisi mwenyewe alikuwa safarini Salamabila kwa biashara yake, kwa hiyo Riziki alikuwa peke yake kati yetu.

Asubuhi ile alikunja kanzu vizuri, akaiweka kwenye ncha ya meza kubwa ya sebuleni. Mimi nikaja na makaratasi yangu mapana na markere nyeusi, ile kalamu nene ya wino usiofutika, niandike salamu za Idi za kubandika mlangoni. Niliandika moja, nikaandika mbili. Rafiki zangu wakaniita barabarani. Nikaiacha markere mezani, wazi, bila kifuniko, nikatoka mbio.

Niliporudi nilikuta imebingirika mpaka kwenye kanzu. Ncha yake ilikuwa imelala palepale kifuani, na pamba ilikuwa imeunyonya wino. Doa lilikuwa pana kama kiganja. Nikatia mate kwenye kidole nikasugua. Likazidi kupanuka. Nikaigeuza kanzu, nikaikunja upya doa likiwa ndani, nikachukua makaratasi yangu nikaenda kumalizia uani kana kwamba hakuna kitu.

Adhuhuri mama aliichukua ile kanzu aitundike. Tulisikia kelele yake hadi jikoni.

"Ni nani amefanya hii kitu? Ni nani?"

Tukakimbilia sebuleni, mimi na Riziki. Mama alikuwa ameinyoosha kanzu mbele yake kwa mikono miwili. Akanitazama mimi kwanza.

"Mwamini, markere yako iliwekwa wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Badala yake nikajibu, "Mimi niliiacha juu ya kabati, mama. Riziki ndiye alikuwa anapanga vitu hapa."

Mama alikuwa mtu wa hasira za haraka. Akamgeukia Riziki, akamwambia maneno mazito, kwamba mkono wake hauna adabu, kwamba kwao hawakumfundisha kutunza nyumba. Akamalizia hivi: "Idi ikiisha, utarudi kwenu Wamaza. Amisi akirudi atakufuata huko kama anakutaka."

Riziki hakulia. Nilimtazama nikingoja anitaje, kwa maana alikuwa amenipita pale mezani nikiandika. Hakunitaja. Aliinama kidogo, akasema, "Mama, nipe hiyo kanzu. Pengine itatoka."

Mama alikuwa ameshaagiza beseni, sufuria ya maji ya moto na chupa ya javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Riziki akaweka mkono juu ya beseni. Mukamwana wa miezi miwili, mke wa mwanawe, aliyetoka kutukanwa, akamzuia mama mkwe wake.

"Mama, samahani. Hapana weka maji ya moto. Moto unashikisha wino, hautatoka tena hata siku moja. Na javeli tuiache mbali, isikutane na dawa nitakayotia."

Mama akaitua sufuria. Nadhani alishangaa zaidi kuliko alivyokasirika.

Riziki aliingia chumbani kwake akatoka na kichupa cha alkoli ya kusafishia vidonda, alichopewa na baba yake siku ya kuondoka kwao, na bonge la pamba. Akaagiza jiko la makaa lisogezwe mbali, nje kabisa ya uwanja, kwa sababu alkoli inawaka upesi. Kisha akakaa kwenye mkeka uani, penye hewa, akanigeukia.

"Wifi, njoo unishikie."

Nikakaa mbele yake. Akaigeuza kanzu ndani nje, akaweka kitambaa safi kilichokunjwa chini ya doa. Akalowesha pamba kwa alkoli, akaanza kugonga, hakusugua. Aligonga kwa upande wa ndani wa nguo, akianzia pembeni mwa doa akienda katikati, ili wino usitembee. Mara kwa mara alininyanyulia nguo nisogeze kile kitambaa cha chini mahali pasafi, na kila mara niliona weusi mpya umeshuka juu yake. Doa likawa la kijivu. Akasuuza kwa maji baridi, akapaka sabuni ya kipande, akasuuza tena, akarudia alkoli. Hakuwa na haraka. Mikono yake ilifanya kazi kama mikono ya baba yake muuguzi, nadhani, juu ya kidonda cha mtu.

Mara ya tatu tulipobadilisha kitambaa, aliushika mkono wangu. Akaugeuza kiganja juu. Ncha za vidole vyangu viwili zilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa, kwa ule wino niliokuwa nimesugua kwa mate. Nilikuwa nimesahau kunawa. Riziki alivitazama, akanitazama. Kisha akachukua pamba mpya, akailowesha, akanifuta kidole kimoja, halafu cha pili, mpaka vikawa safi. Akarudi kwenye kanzu.

Alikuwa ananifutia ushahidi, mwanangu. Mtu niliyemsingizia, anayefukuzwa kwa ajili yangu, alikuwa ananificha.

Sikuweza kukaa. Niliinuka nikaenda hadi mlangoni pa baba, ambaye alikuwa amerudi kutoka sokoni na kuambiwa habari zote. Mama alikuwa pamoja naye. Nikasema, "Baba, ni mimi. Niliacha markere wazi juu ya meza. Nilimdanganya mama. Riziki hana kosa."

Baba hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Alisema kwa sauti ya chini, "Wino ule ungeniharibia nguo moja. Uongo wako ungevunja nyumba ya kaka yako. Umevipima hivyo viwili?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nenda ukaseme mbele yake."

Nikaenda, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikasema mbele yake na mbele ya mama. Na hapa ndipo ninapojivunia mama yangu, aliyekuwa mkali kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Alivua kandambili, akakaa chini kwenye mkeka uleule uliolowa, akamshika Riziki mikono yote miwili. "Mutoto wangu, nimekutukana bure. Nisamehe. Hapa ni kwenu." Ndipo Riziki alipolia, na mimi nikalia, na kanzu ikatungoja na povu lake.

Tuliimaliza sote watatu. Tuliianika kivulini, na Riziki akakataa isiguswe na pasi mpaka ilipokauka na sote kuitazama kwenye mwanga wa jua, mbele na nyuma, kuhakikisha hakuna hata kivuli cha doa. Halikuwepo.

Asubuhi baba alitoka akiwa ameivaa, na sauti yake ilijaza uwanja wa msikiti. Upande wa wanawake, mama alimweka Riziki kando yake, mstari wa mbele. Kila aliyemsalimia aliambiwa, "Huyu ni wangu." Nilisimama nyuma yao, na kifua kilinijaa fahari kwa watu wale watatu kuliko nilivyowahi kuona fahari kwa hati yangu. Na kidogo, nakwambia kweli, nilijivunia nafsi yangu pia, kwa ile safari fupi kutoka mkekani hadi mlangoni pa baba. Binti yangu wa kwanza nilimwita Riziki. Yeye mwenyewe, wifi yangu, yuko hai, na wanawake wa mtaa bado wanamletea sare za watoto na vikwembe vyao, vile vitenge vya kuvaa, awatolee madoa.

Sasa sikiliza, wewe uliyeficha shati la shule chini ya godoro. Litoe leo, maana wino uliokaa siku nyingi hung'ang'ania zaidi. Kama ni markere ya watoto, maji baridi na sabuni vinatosha. Kama ni ile isiyofutika, tafuta alkoli ya famasi, kaa penye hewa na mbali na moto, weka kitambaa chini, gonga, usisugue, badilisha kitambaa, suuza kwa maji baridi, rudia. Nguo ya rangi ijaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, usije ukatoa doa pamoja na rangi. Javeli usiichanganye na kitu. Wala pasi, wala maji ya moto, mpaka doa limekwisha kabisa.

Na kabla ya hayo yote, mwanangu, nenda kwa mama yako useme, "Ni mimi." Sema mapema, kabla mwingine hajabeba lawama yako. Usione ni kujishusha. Katika maisha yangu yote, sijatembea na kichwa juu kama nilivyotembea asubuhi ile ya Idi.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa. Akuweke kati ya watu watakaokusitiri, nawe uwe wa kuwasitiri wao bila kumwonea mtu. Nyumba utakayoingia ikupokee, na atakayeingia kwenu akute ni kwao. Amina, mwanangu. Haya, kalete hilo shati.