Mkarela wa Sindano

Mtaani walimwita Sindano, kwanza kwa sababu ya kazi yake, baadaye kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa mshonaji wa hospitali. Alifanya kazi katika chumba kidogo nyuma ya dobi, penye cherehani ya kukanyaga na lundo la mashuka yaliyochanika ambalo halikupata kupungua. Alitia viraka, alipinda mapazia, alikaza vifungo vya magauni ya wagonjwa, mpaka macho yakaanza kumsaliti na wakubwa wakamwambia akapumzike. Akarudi nyumbani na hasira ambazo hazikuwa na pa kukaa.

Nyumba yenyewe ilikuwa nusu. Mume wake, dereva wa lori, aliachiwa na baba yake nyumba moja pamoja na dada yake. Wakaigawa: ndani kwa ukuta, uani kwa uzio wa waya. Upande mmoja Sindano na mumewe, upande wa pili huyo wifi yake, mwokaji, ambaye sote tulimwita Mama Mikate. Mimi nilikuwa nimepanga ghorofani ng'ambo ya kichochoro, na dirisha langu lilitazama uani kwao, pande zote mbili. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliambiwa, lakini mengi niliyaona kwa macho yangu.

Uadui wao ulianza siku ya mazishi ya yule dereva. Presha ilimwangusha akiwa anafunga turubai la lori, na hakuamka tena. Sebule ikiwa imejaa waombolezaji, Mama Mikate alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Ndugu yangu hakuuawa na presha. Ameuawa na mkono wa chumvi wa mwanamke huyu."

Sindano alikuwa anawamiminia wageni maji. Alimaliza kumimina, akaweka jagi chini.

"Nimekusikia, wifi," akasema. "Na wote hawa wamekusikia."

Basi. Tangu hapo hawakusalimiana. Kugombana waligombana kila uchao, maana tanuri la Mama Mikate lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye uzio, na moshi wake haukujua mpaka wa mtu.

"Wifi, moshi wako umeingia mpaka kwenye mto ninaolalia."

"Funga dirisha. Au hama."

"Nihamie wapi, kwa baba yako?"

"Nenda. Makaburini nafasi ipo."

Hivyo ndivyo walivyoamkiana. Sisi majirani tulizoea, kama watu wanavyozoea mlango unaolia.

Siku moja mfuaji mmoja wa hospitalini, rafiki yake wa zamani, alikuja kumtembelea Sindano akamkuta ameketi uani, kitambaa puani, anakodolea uzio macho. Mfuaji akamwambia, "Panda kitu kinachotambaa. Kitaziba moshi, kitaziba na sura yake." Safari iliyofuata akamletea karela lililoiva. Wengi hulijua karela likiwa bichi, lile tunda la kijani lenye vinundu na makunyanzi kama ngozi ya mamba, chungu kama shubiri. Likiiva huwa rangi ya machungwa, hupasuka lenyewe kutoka chini, na ndani mbegu zimevikwa utelezi mwekundu. Sindano alizisuuza zile mbegu, akazianika mpaka zikawa kavu na za kahawia, bapa, zenye kingo zilizochorekachoreka.

Mara ya kwanza alizipanda hivyohivyo, zikaoza. Ganda lake ni gumu. Maji hayaingii kirahisi. Mara ya pili akakata ncha ya kila mbegu kwa kikata kucha, akaziloweka usiku kucha, akazikunja ndani ya kitambaa chenye unyevu na kukiweka kabatini karibu na jiko, penye joto. Zilipotoa mizizi midogo myeupe akazifukia kando ya uzio, kina cha pingili moja ya kidole. Miche ikatoka imeinamisha vichwa, ikanyooka, ikatandaza majani yaliyokatikakatika kama viganja. Vikonyo vyake vilikamata waya na kujiviringisha, na Sindano akafunga kamba juu ya waya ipate pa kupandia.

"Umepanda nini hicho kinachonuka?" Mama Mikate akauliza kutoka ng'ambo.

"Pazia."

"Majani yake yananuka kama mguu uliofungwa bendeji."

"Usiyanuse. Si yako."

Kulipofika wakati wa maua, Sindano nusura akate tamaa. Yalitoka maua ya njano kwa wingi, yakadondoka yote bila kuzaa. Mfuaji akamwambia hayo ni madume. Mkarela hutanguliza madume. Jike utalijua kwa sababu limebeba karela dogo mgongoni kabla hata ya kuchanua. Majike yalipotokea, nyuki hawakuonekana. Mama Mikate alikuwa amenunua dawa ya kuulia wadudu, na kila asubuhi aliipuliza kandokando ya uzio, akidai inzi wanamharibia unga. Sindano hakubishana. Asubuhi mapema alichuma ua dume, akalimenya, akaligusisha ndani ya lile jike, taratibu kama mtu anayetunga uzi. Nilimwona akifanya hivyo akiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Makarela yakashika. Wakaja inzi wa matunda, wale wanaotoboa tunda na kuacha mayai, na ile dawa ya Mama Mikate haikuwatisha hata kidogo. Hapo ndipo Sindano alipotoa cherehani yake. Alichukua mashuka ya zamani, akashona mifuko myembamba yenye uzi wa kukaza mdomoni, akalivika kila karela mfuko wake. Uzio ukawa kama kamba ya kuanikia soksi. Mtaa ulicheka sana, naye hakujali, kwa sababu pazia lilikuwa limefunga. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikaa uani kwake bila kuonana na wifi yake.

Halafu mifuko ikaanza kuwa mitupu.

Haikuibiwa mifuko. Liliibiwa karela, na mfuko ukafungwa tena vizuri, ukaachwa unaning'inia. Mwizi alikuwa na dharau. Sindano alijua ni nani, maana mitupu yote ilikuwa upande wa pili, pale matunda yalipopenyeza waya na kuning'inia kwa wifi yake. Alisimama pale akasema kwa sauti tuliyoisikia mpaka ghorofani:

"Wifi, mwizi wa karela hata shetani anamshangaa. Si ungeiba embe?"

"Kilicho upande wangu ni changu," Mama Mikate akajibu. "Na kama hutaki, fundisha mmea wako adabu."

Ukweli ni kwamba Mama Mikate alikuwa na sukari. Alikuwa na vidonge alivyopewa zahanati, lakini mteja mmoja alimwambia juisi ya karela inashusha sukari kuliko dawa yoyote, na yeye alikuwa mtu wa kuamini wateja kuliko waganga. Hakumwambia hata binti yake. Kumwomba Sindano kusingewezekana. Afadhali angekula mkaa.

Asubuhi moja moshi ulikuwa mzito kupita kawaida, na ulinuka mkate ulioungua. Sindano alitoka nje tayari kwa vita.

"Wifi, leo unaoka mikate au unachoma nyumba?"

Kimya.

"Mama Mikate. Umeziba masikio kwa unga?"

Kimya tena. Nilikuwa dirishani napiga mswaki, na nakumbuka nilisimamisha mkono. Kwa miaka yote ile Mama Mikate hakupata kuacha tusi lipite bila kulijibu. Sindano naye aliligundua hilo. Alisimama kidogo, akatazama mkarela wake, kisha akaushika kwa mikono miwili na kuurarua. Aling'oa kamba, akaupinda waya mpaka ukaacha tundu, akapita akiacha kipande cha gauni.

Alimkuta wifi yake sakafuni kando ya gunia la unga, amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoshikana kama mlevi. Mezani palikuwa na bilauri yenye makapi ya kijani na maganda ya makarela yake mwenyewe. Vidonge vilikuwa kando. Chakula hakikuwa kimeguswa. Katika miaka ya hospitali Sindano alikuwa ameona manesi wakihangaika na wagonjwa wa namna hiyo, wakiwapaka sukari ndani ya shavu. Sukari ya kuokea ilikuwa pale pale, debe zima. Akamkalisha, akamuegemeza kifuani kwake, akampaka sukari kwa kidole. Mama Mikate akamng'ata.

"Ng'ata," Sindano akamwambia. "Ng'ata, lakini meza."

Aliponiita nilikuwa tayari nashuka ngazi. Binti yake Mama Mikate, anayeuza vifaa vya shule karibu na kituo, alikuja mbio, tukampakia kwenye gari ya jirani mpaka zahanati. Kufika kule alikuwa ameshaanza kuuliza nani amezima tanuri lake.

Ungedhani uhasama uliishia hapo. Siku aliporudi, Mama Mikate alimwita mzee wa mtaa, ambaye ni fundi baiskeli, akaja na grisi mikononi na uso wa mtu aliyeacha gurudumu nusu. Uani kukajaa watu. Mama Mikate alikuwa kitini, kanga mabegani, kidole kimenyooshwa kwenye lile tundu la uzio.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Alimmaliza kaka yangu kwa chumvi, mimi alitaka kunimaliza kwa sumu. Alijua nitachuma. Ile mifuko ameitia dawa."

"Kwa hiyo unakubali ulichuma," akasema Sindano.

Watu wakacheka. Fundi baiskeli akawanyamazisha, akamuuliza Sindano ana la kujibu.

Alikwenda kwenye kile kilichobaki cha mkarela wake, akafungua mfuko mmoja, akachuma karela bichi la kutosha mkono mzima. Akalifuta kwa mfuko uleule. Akaanza kulila pale pale, mbele yetu, bila chumvi, bila kulikwangua, ganda na mbegu zake. Alitafuna polepole. Macho yalimtoka machozi, maana uchungu wa karela bichi unashika mpaka nyuma ya masikio, lakini uso haukukunjika, na hakuyaondoa macho yake kwa wifi yake hata mara moja. Hakuna aliyecheka tena. Alipomaliza akakifuta kinywa kwa mfuko na kumkabidhi fundi baiskeli.

"Nyonya, kama kuna dawa utaiona."

Fundi akaurudisha haraka.

Binti yake Mama Mikate ndiye aliyejitokeza. Alisema walichoambiwa zahanati: hapakuwa na sumu. Mama yake alimeza vidonge na tumbo tupu, akateremshia bilauri nzima ya karela, sukari ikaporomoka. Bila ya mtu kumpaka sukari wangemkuta maiti.

"Mama, mke wa mjomba ndiye aliyekuokoa."

Mama Mikate aliyasikia hayo yote. Akajifunga kanga vizuri.

"Nataka ukuta," akamwambia fundi baiskeli. "Huo uzio sitaki tena kuuona."

Ukuta ukajengwa, mrefu kumzidi mtu, na ukafunika sehemu uliposimama mkarela. Kile kilichobaki cha mmea kikakauka. Sindano alikuwa ameacha makarela mawili yaive kwa ajili ya mbegu, hayo akayaokoa.

Jioni moja binti alikuja kwake na mkate wa moto uliofungwa kitambaani. Mimi nilikuwa pale nimepeleka suruali ikapindwe.

"Amekutuma mama yako?" Sindano akauliza bila kuinua mguu kwenye cherehani.

Binti akasita. "Nimeleta mwenyewe, mama. Lakini anajua."

"Anajua." Sindano alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mwanangu, wewe sina ugomvi na wewe. Lakini usidhani nilimwokoa kwa sababu nampenda. Alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa karibu. Hata mbwa wake ningemtoa."

"Basi yaishe, mama. Kosa la karela amelijua."

"La karela nimeshalisahau. Mimi nilimpikia mume wangu bila chumvi miaka miwili. Chumvi alikuwa anaipata huko njiani, kwenye vibanda vya madereva, na dada yake alikuwa anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anamfungia mikate ya kula nayo. Aje aseme hivyo. Aje mbele ya watu, kama alivyosema siku ile mbele ya watu. Hapo nitaula mkate wake mpaka makombo."

Binti alitazama chini. Akauchukua mkate wake, akaondoka nao, na harufu yake ikabaki chumbani. Kisha Sindano akaniuliza kama suruali anipindie pana au nyembamba.

Mama Mikate hakuja. Mvua ziliponyesha Sindano alipanda mbegu zake upya, safari hii upande wa kichochoro, akatengeneza kichanja cha mabomba mabovu ya maji na kamba. Wapita njia walianza kuchuma, naye akawa anawafokea kuanzia asubuhi, jambo lililomchangamsha kuliko dawa. Mfuaji alikuja akapewa makarela ya kujaza kikapu. Mimi pia nilipewa, nikayapika, nikayatupa.

Nilipohama mtaa ule, wale mawifi walikuwa bado hawasalimiani. Asubuhi ya kuhama, nikishusha kitanda, nilimsikia Sindano akigonga ukuta kwa mpini wa jembe na kuuliza huo moshi ni wa mikate au wa matairi, na sauti ya upande wa pili ikamjibu, ndefu, yenye nguvu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.