Togwa ya Kujengea Nyumba

Majivu ya nyumba ya nyasi yakipata umande hunuka kivyake kabisa: moshi uliochacha, udongo ulioungua, na mahindi ya mbegu yaliyoteketea darini. Harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi mwaka ule, enzi za Mwingereza, kijijini kwetu kati ya Njombe na Makambako. Upepo wa kiangazi ulibeba cheche kutoka shamba lililokuwa likichomwa, zikatua juu ya paa letu, na kabla mama hajarudi kutoka mtoni nyumba ilikuwa imekwisha. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Tukahamia jikoni kwa shangazi, tukabanana kama viazi kwenye tenga. Mimi Raheli, msichana wa maswali, nilishinda nikipekua majivuni. Nilitaka kujua kwa nini sufuria ya bati imepinda na chungu cha udongo kimesalimika. Nilitaka kujua pia kwa nini Mungu, tuliyemwimbia kila Jumapili, hakugeuza ule upepo kidogo tu. Mama alinijibu kwa kunituma kuni.

Wanawake wa kanisani walitufaa kweli. Walileta mahindi, viazi na blanketi, wakakata nyasi za kuezekea pamoja nasi huku wakiimba. Lakini kusimamisha nguzo na kupanda paa kulihitaji wanaume, na wanaume wengi wa usharika wetu walikuwa wamekwenda kukata mkonge, huko mbali pwani. Waliobaki walikuwa wa kilima cha pili, watu wasiosali, na mkubwa wao alikuwa Babu Mwalongo, fundi wa kuezeka aliyependa pombe kuliko chumvi. Na kwetu Ubena siku zile nyumba ilijengwa kwa pombe: unapika, unaalika, watu wanafanya kazi, jioni wanakunywa. Sasa baba, siku ya kubatizwa, alikuwa ameapa mbele ya usharika kwamba hatakunywa pombe wala kumnywesha mtu. Ahadi ni deni. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mdogo wangu alikohoa vibaya kwa baridi na moshi wa jiko lile. “Baba Raheli,” mama akasihi, “Mungu atakasirika kwa chungu kimoja tu?” Baba akasema, “Pika togwa.” Loo, watu walivyocheka! Togwa ni uji mtamu wa kimea usiolevya, kinywaji cha watoto na wanaonyonyesha. Nani atainua gogo kwa togwa?

Mama akapika. Akahofu kwamba baridi yetu itaizuia isikolee utamu, basi akakifunika chungu vizuri, akakisogeza ubavuni mwa moto, akaenda kuhangaika na nyasi mpaka akakisahau. Siku ya kazi wanaume wakatokea kwenye ukungu, nadhani zaidi kwa udadisi kuliko huruma. “Kamwene!” Babu Mwalongo akatusalimu, akachota kwa kibuyu, akaonja, akafumba macho. “Mama Raheli, hii si togwa tena. Hii ni pombe, tena imeiva!” Wenzake wakashangilia. Mama akashika kichwa. Mimi nilifurahi mno, nikawaza kumbe Mungu ana akili: hakuna aliyekusudia, hakuna aliyevunja kiapo, na nyumba itasimama. Baba akaonja kwa ncha ya kidole, akatema. Kisha akakiinua chungu kile, akakimwaga chote juu ya majivu. “Nisameheni, ndugu zangu,” akasema, “sina kingine ila maji.”

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakisonya. Nilimchukia baba siku ile, nilimchukia kwelikweli, maana nilikuwa nakisikia kikohozi cha mdogo wangu kutoka pale niliposimama. Babu Mwalongo peke yake alibaki, akitazama povu likinywewa na majivu kama mtu aliyefiwa. Akatazama huku, akatazama kule. Halafu akavua koti, akaomba jembe, akaanza kuchimba shimo la nguzo. Waliokuwa wamefika njiani wakageuka, wakamwona mzee mzima amepiga magoti kwenye udongo, wakarudi huku wakinung'unika. Paa lilikamilika kabla mvua haijashuka, na mdogo wangu akapona.

Swali lile halikuniacha. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimwendea Babu Mwalongo nikamwuliza, “Babu, kwa nini hukuondoka?” Akacheka mpaka akakohoa. “Mjukuu wangu, nilitaka kumwona huyo Mungu wa baba yako atakavyomjengea. Nikangoja. Nikatazama pande zote, nikaona hakuna mtu pale ila mimi.”

Siku hizi naishi Makambako mjini, nyumba ni za tofali na bati, na mafundi hulipwa. Nyumba ya mtu ikiungua tunachanga kwa simu, tunaandika “Mungu hamtupi mja wake,” kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Sisemi ni vibaya. Fedha zile husaidia, na zamani tusingezipata. Lakini juzi moto ulipokula nyumba ya jirani yangu mjane, nilituma mchango wangu, nikaandika maneno yale yale, halafu nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama kwenye majivu na wanawe. Nikatazama barabara juu na chini. Sikuona mtu. Nikavaa viatu.